Beki anayetaka kuwa kocha: jibu kwa msomaji mwenye miaka 32

Swali: "Kocha, shikamoo. Mimi ni beki wa kati, nina miaka 32 na nimebakiza msimu mmoja kwenye mkataba. Goti la kushoto limeanza kunisumbua. Viongozi wa timu na wachezaji wenzangu wananiambia nitakuwa kocha mzuri kwa sababu mabeki wanausoma mchezo. Ni kweli beki anafaa ukocha kuliko mshambuliaji? Na kama ni kweli, nianzie wapi?"

Marahaba, na pole kwa goti.

Wanaokuambia hivyo hawakudanganyi, ila wamekupa nusu ya habari. Nafasi uliyocheza imekufundisha mambo ambayo mshambuliaji atalazimika kuyasomea. Nusu ya pili ndiyo iliyowaangusha mabeki wengi walipogeukia ukocha, wakiwemo wenye majina makubwa kuliko yangu na yako.

Tuanze na ulicho nacho. Kwa miaka yote hiyo umecheza ukiwa umeutazama uwanja mzima. Straika muda mwingi amelipa mgongo goli analolitaka, anasubiri mpira umfikie. Kipa anaona kila kitu, lakini yuko mbali na kelele zake huchelewa. Wewe unaona, na papo hapo unalazimika kuamua. Chukua tukio moja unalolijua vizuri: kiungo wa wapinzani amepokea mpira katikati, kageukia goli lenu, hana mtu karibu. Hapo hupandi. Unashuka na mstari wako, kwa sababu pasi ya kupenya inaweza kuja wakati wowote. Sekunde mbili baadaye namba sita wenu, kiungo mkabaji, anamfikia, jamaa anageuza mwili, anarudisha mpira nyuma. Unapiga kelele "Toka!" na mabeki wanne wanapanda mita tano kwa pamoja, straika wao anaachwa ameotea. Umeusoma mwili wa mtu aliye mbali, umejua wenzako watatu wako wapi bila kugeuza shingo, umetoa amri moja, na wamekutii. Kocha anafanya hivyo hivyo, tofauti yake ni kwamba yeye kelele zake hazisikiki.

Jambo jingine usilidharau: umezoea kulaumiwa. Mshambuliaji akikosa mabao matatu akafunga la nne, anabebwa mabegani. Wewe ukicheza dakika 89 safi ukateleza ya 90, unatukanwa mpaka kwenye basi. Kocha anaishi humo humo, na nimeona washambuliaji waliokuwa wafalme uwanjani wakishindwa kuvumilia miezi miwili tu ya maisha hayo.

Sasa nusu ya pili.

Mwili wako unajua mambo ambayo mdomo wako haujawahi kuyasema. Muulize beki yeyote mkongwe kwa nini alirudi hatua mbili kabla krosi haijapigwa, atakujibu: "Niliona tu." Jibu hilo halimsaidii kijana wa miaka 16. Yeye anataka kujua macho yaende wapi kwanza, kwenye mpira au kwa mtu. Kiwiliwili kielekee wapi ili aone vyote viwili. Asimame mbali kiasi gani na mshambuliaji. Mguu upi utangulie. Kile ulichokifanya kwa mazoea miaka 15, sasa ukivunje vipande vipande, kisha uvipange kwenye zoezi la dakika 20 lenye wachezaji wanane na nusu ya uwanja. Huo ni ufundi mwingine kabisa, na beki mzuri anaweza kuukosa kabisa.

Halafu kuna woga. Samahani kwa neno hilo, lakini kazi yako imekufundisha kufikiria kitakachoharibika. Beki akipewa timu, wiki za kwanza anaziba: mabeki wa pembeni hawapandi, viungo wakabaji wawili, mipira mirefu. Anapata sare mbili, anasifiwa kwa nidhamu. Mwezi wa tatu timu haijui la kufanya ikiwa na mpira, na wapinzani wameshajua. Ukinikuta kwenye kozi utanisikia nikiwauliza mabeki swali moja kila siku: mpira tunao, sasa nini? Wengi hukaa kimya muda mrefu.

Nikupe mifano ya watu wawili ili usidhani nasema kinadharia. Wote walicheza namba mbili, yaani beki wa kulia, na wote walizaliwa mwaka 1975.

Wa kwanza ni Gary Neville. Mechi 602 akiwa na Manchester United, mataji 8 ya Ligi Kuu ya Uingereza, mechi 85 za timu ya taifa. Alipostaafu akawa mchambuzi wa televisheni, na mimi ni mmoja wa waliokuwa wakimsikiliza kwa makini, maana alikuwa akieleza makosa ya safu ya ulinzi vizuri kuliko walimu wengi. Alikuwa pia msaidizi kwenye timu ya taifa ya Uingereza. Desemba 2015 akapewa Valencia ya Hispania, kazi yake ya kwanza kama kocha mkuu, katikati ya msimu, kwenye nchi ambayo hakuwa akizungumza lugha yake vizuri. Aliongoza mechi 28, akashinda 10. Kwenye nusu fainali ya Kombe la Mfalme alifungwa 7-0 na Barcelona. Mwishoni mwa Machi 2016 akaondolewa, na hakurudi tena kwenye ukocha mkuu.

Wa pili ni Walid Regragui. Alizaliwa Ufaransa kwa wazazi wa Morocco. Alicheza Toulouse, Ajaccio, Racing Santander ya Hispania, Dijon na Grenoble. Mchezaji wa uhakika, ila si jina la kuuzia jezi. Na Morocco alifika fainali ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) 2004, wakafungwa 2-1 na Tunisia. Ukiwaweka hawa wawili mezani mwaka 2010 ukauliza nani atafika nusu fainali ya Kombe la Dunia akiwa kocha, hakuna ambaye angemtaja wa pili.

Tazama njia aliyopita. Alianza kama msaidizi wa Rachid Taoussi kwenye timu ya taifa. Mwaka 2014 akachukua FUS ya Rabat, klabu ambayo haikuwa na mashabiki wa kuvunja milango wala historia ya ubingwa wa ligi. Alikaa hapo karibu miaka sita. Soma tena: miaka sita kwenye klabu moja ya kawaida. Mwaka ule wa kwanza akachukua Kombe la Mfalme wa Morocco, na 2016 akaipa FUS ubingwa wa ligi wa kwanza katika historia yake. Mwaka 2020 akaenda Al-Duhail ya Qatar, akabeba ligi. Akarudi nyumbani kufundisha Wydad ya Casablanca, na msimu wa 2021/22 akatwaa ligi na Ligi ya Mabingwa Afrika, akiwafunga Al Ahly ya Misri 2-0 kwenye fainali pale Casablanca. Mpaka anakabidhiwa timu ya taifa, tarehe 31 Agosti 2022, alikuwa ameshafanya makosa yake yote ya kujifunzia mahali ambapo dunia haikuwa ikimtazama. Bado kuna waliomdharau wakamwita kichwa cha parachichi, na alikuja kulitania jina hilo mwenyewe.

Alikuwa na chini ya miezi mitatu kabla ya Kombe la Dunia la Qatar. Kitu cha kwanza hakikuwa mbinu. Hakim Ziyech alikuwa amegombana na kocha aliyetangulia na alikuwa nje ya timu, Regragui akamrudisha. Beki akamrudisha winga fundi na kumwomba akabe, na Ziyech akakaba. Hapo ndipo utajua kama mtu ni kocha.

Sasa angalia kazi yenyewe Qatar, maana hapa ubeki wake unaonekana. Morocco walitoka 0-0 na Croatia, wakaifunga Ubelgiji 2-0, wakaifunga Canada 2-1. Bao hilo moja la Canada beki wa Morocco, Nayef Aguerd, alijifunga, na ndilo pekee lililoingia kwenye goli lao mpaka wanafika nusu fainali. Hatua ya 16 bora walikutana na Hispania. Hispania walipiga zaidi ya pasi 1,000 kwa dakika 120 na hawakupata bao. Ukirudia mechi ile usiangalie mpira. Angalia umbali kati ya mabeki na viungo wa Morocco: kiungo Sofyan Amrabat anatembea kwenye nafasi ile ndogo mbele ya mabeki, na mstari wa mbele yake hauruki kwenda kupora mpira hata Wahispania wanapoutembeza kwa kiburi. Watu waliona timu inayojilinda tu. Mimi niliona timu inayochagua pasi ipi ya adui iruhusiwe: za pembeni pigeni, za katikati hapana. Kwenye penalti Sarabia wa Hispania akagonga mwamba, kipa wa Morocco, Bono, akadaka za Soler na Busquets, na Achraf Hakimi, namba mbili mwingine, akamalizia kwa kuudokoa taratibu katikati ya goli.

Robo fainali na Ureno ndiyo ninayoipenda zaidi kufundishia. Aguerd alikuwa ameumia, beki wa pembeni Mazraoui pia hakuwepo. Regragui akamweka Yahia Attiyat Allah beki wa kushoto, kijana aliyekuwa naye Wydad miezi michache nyuma. Dakika ya 42 Attiyat Allah akapiga krosi, Youssef En-Nesyri akaruka juu ya kipa, 1-0. Kipindi cha pili nahodha Romain Saïss naye akatoka ameumia, akaingia Achraf Dari, na huyo naye alikuwa ametoka Wydad. Hawa hakuwachagua kwa kuangalia video. Aliwafundisha mwenyewe kila asubuhi, alijua nani anaogopa mipira ya juu na nani haogopi. Ile miaka ya klabuni ililipa siku hiyo.

Sitaki uondoke ukidhani jamaa hakosei. Nusu fainali dhidi ya Ufaransa alianza na mabeki watano, mfumo ambao haukuwa wake mashindano yote. Aguerd aliyekuwa aanze akajitoa wakati wa kupasha misuli moto. Dakika ya 5 Theo Hernandez akafunga. Dakika ya 21 Saïss, aliyeingia na maumivu, akatolewa na timu ikarudi kwenye mabeki wanne. Kuanzia hapo Morocco wakacheza mpira mzuri sana, wakawasukuma mabingwa wa dunia nyuma kwa muda mrefu, lakini wakafungwa la pili dakika ya 79. Kwa maoni yangu ule ulikuwa woga wa kibeki niliokuambia: siku kubwa zaidi, ukaongeza beki. Wapo wanaosema majeruhi yalimlazimisha. Mimi naona majeruhi ndiyo yalikuwa sababu ya kutobadili mfumo.

Nahodha wa zamani wa Cameroon, Rigobert Song, anakuonyesha njia nyingine. Beki wa kati, alipewa kadi nyekundu kwenye Kombe la Dunia 1994 akiwa na miaka 17 na nyingine 1998, kisha akabeba AFCON 2000 na 2002. Oktoba 2016 alipatwa na maradhi ya ghafla kwenye mishipa ya ubongo na watu wakadhani wamempoteza. Alipona, akarudi kufundisha, na Februari 2022 akapewa timu ya wakubwa ya Cameroon. Mwezi mmoja baadaye alifungwa 1-0 nyumbani na Algeria, akaenda Blida, Algeria, kwenye marudiano na bao la Karl Toko Ekambi, dakika ya nne ya nyongeza baada ya zile 120, likampeleka Qatar. Huko akaifunga Brazil 1-0, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo kwenye Kombe la Dunia. Lakini hakuvuka makundi, na AFCON iliyofuata alitolewa na Nigeria kwa 2-0. Song anaweza kusimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo tukamfuata mimi na wewe. Timu yake ilikuwa na siku kubwa sana, na kati ya siku hizo ilikuwa vigumu kujua itacheza vipi. Hilo ndilo unalolipata ukitegemea unahodha.

Na kabla hujahitimisha kwamba lazima usote miaka kumi, kuna Jürgen Klopp wa kuniharibia hoja. Alianza mshambuliaji pale Mainz, akageuzwa kuwa beki wa kulia, na Februari 2001 akahamishwa kutoka uwanjani moja kwa moja hadi kocha mkuu wa wenzake aliokuwa akicheza nao. Akafaulu. Ila alikuwa na shahada ya sayansi ya michezo, na alikuwa amechezeshwa na Wolfgang Frank, kocha aliyeifundisha Mainz kukaba nafasi kwa mabeki wanne wakati timu nyingi za Ujerumani zilikuwa bado zinakaba mtu kwa mtu. Klopp alikuwa mwanafunzi kwa miaka mingi, isipokuwa alikuwa mwanafunzi aliyevaa jezi.

Hilo linanirudisha kwako, kwa sababu nawe una msimu mzima umevaa jezi.

Utumie kusoma. Anza leseni sasa, usingoje ustaafu. Za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinapanda D, C, B, A mpaka Pro. Ngazi za chini hazina masharti magumu, lakini kati ya ngazi na ngazi unatakiwa kuwa umefundisha kweli, kwa hiyo mwaka unaopoteza leo utakudai baadaye. Makocha wenye majina wamewahi kuzuiwa kukaa benchi kwenye michuano ya klabu ya CAF kwa kukosa leseni ya ngazi inayotakiwa. Inauma kuona mtu amefikisha timu huko halafu anakaa jukwaani.

Muombe kocha wako mkuu kitu kimoja kidogo, na kiwe chako: ulinzi wa kona na faulo za pembeni. Nani anakaba eneo, nani anakaba mtu, nani anabaki mbele kupokea mpira ukiokolewa. Beki mkongwe anapewa hilo bila mtu kunung'unika. Andaa, wafundishe wenzako, hesabu mnaruhusu mangapi. Utaona haraka kama unaweza kumweleza mtu jambo akalifanya, au unaweza kumfokea tu.

Daftari pia. Baada ya kila mazoezi andika zoezi lilikuwa la nini, lilichukua muda gani, lini wachezaji walichoka nalo, na kocha alilibadilishaje lilipogoma. Hasa hilo la mwisho. Ukiwa umefungiwa kwa kadi au umeumia, usikae nyuma ya benchi. Panda juu kabisa ya jukwaa, utazame mshambuliaji na kiungo wa timu yako, usimwangalie beki aliyechukua nafasi yako. Mabeki wote wanamwangalia aliyechukua nafasi yao.

Kisha nenda kwa vijana, wa chini ya miaka 15 au 17. Najua mshahara wa huko utakushtua baada ya ule wa mchezaji, kwa hiyo weka akiba msimu huu. Wape vijana hao timu inayotaka kufunga. Jilazimishe kwamba nusu ya mazoezi yako ya wiki iwe ya kushambulia, na tafuta msaidizi aliyecheza kiungo au winga ambaye atathubutu kukwambia kwamba zoezi lako halina maana. Mtu wa kukuitikia tu atakuharibu. Huko vijanani ndiko utakakojifunza kusema kwa sentensi mbili kile ulichokuwa ukikifanya kwa miguu.

Swali lako kuhusu mshambuliaji nalijibu kwa ufupi sana: Alex Ferguson alikuwa straika, Carlo Ancelotti kiungo, Arrigo Sacchi hakuwahi kucheza ligi kubwa kabisa. Nafasi inakupa pa kuanzia, basi.

La mwisho ni la tahadhari, kwa sababu nimeliona likitokea mara nyingi. Timu yenu ikianza kuboronga msimu huu, kocha akafukuzwa, viongozi watakuja kwako. Watasema wachezaji wanakuheshimu, utakaa kwa muda tu mpaka tupate mtu. Usikatae kwa pupa, wala usikubali ukiwa bado na jasho la mechi. Waulize ni mechi ngapi, nani atakuwa msaidizi mwenye leseni, kama utaendelea kucheza au utaacha, na ukishindwa utarudi kwenye nafasi gani. Dai majibu hayo kwa maandishi. Wakisema tutaongea baadaye, waambie wewe bado ni namba nne wao, beki wao wa kati, na kwamba utamsaidia atakayekuja kupanga mabeki wake.